Kadirio la Kuni za Sultani

Hapo zamani, katika nchi ya milimani ambako kipupwe kikiingia hata jogoo huwika kwa kusitasita, alikuwako sultani aitwaye Mwinyikombo, mpenda hesabu. Alikuwako pia fukara mmoja, Singano, ambaye hesabu zilimkimbia tangu utotoni. Kila mwaka Singano alikadiria kuni za msimu mzima, akazipanga uchagani juu ya mafiga, akajipiga kifua. Na kila mwaka zikamwishia baridi ikiwa ndiyo kwanza imekolea. Mwaka mmoja alichoma mchi. Mwaka uliofuata akachoma kinu, akisema kinu bila mchi kina kazi gani? Watu walimcheka, naye akacheka kuwashinda wote.

Basi kipupwe kimoja Sultani akatoa amri: "Nataka kujua nyumba yangu itakula matita mangapi ya kuni hata baridi iishe, lisizidi tita wala lisipungue. Wasije watu wakanichomea fungu langu! Mtu yeyote katika nchi hii asiwashe moto mpaka hesabu hiyo itimie. Atakayekadiria sawasawa nitamtunza, na atakayekosea atakula viboko hamsini."

Nani angethubutu? Siku tatu zikapita, nchi nzima ikala viazi vibichi. Ikawa nyumbani kwa Singano ndiko kwenye msiba zaidi, maana mkewe Mwanahawa alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue. Maji ya moto ya kumkanda mzazi hayakuwapo, na midomo ya kichanga ilianza kubadilika rangi.

"Mume wangu," akasema Mwanahawa, "mtoto huyu ataniponyoka mikononi. Fanya jambo, hata la kijinga."

"La kijinga ndilo niliwezalo, mke wangu," akajibu Singano, akatoka upesi asije akaonekana analia.

Akamkuta Sultani barazani, kakaa kati ya seredani mbili za makaa, mashavu yanang'aa. Singano akapiga magoti.

"Bwana wangu, nimekuja kukadiria."

Baraza zima likaangua kicheko. Waziri akauliza, "Si wewe uliyechoma kinu?"

"Ndimi, na mchi wake. Ila, Bwana wangu, fundi akikupima kanzu mpya hukuvua joho kwanza. Nami nitaipimaje baridi ya nyumba hii na moto umo ndani?"

Sultani, kwa kupenda kwake hesabu, akaona maneno hayo yana akili. Akaamuru seredani zitolewe na madirisha yafunguliwe. Ukungu ukaingia kama mgeni aliyealikwa. Singano akakaa na bakuli la mahindi, na kila Sultani alipotetemeka, akadondosha punje moja sakafuni.

"Themanini na tisa, tisini, tisini na... na ngapi vile? Aa, nimepotea! Tuanze tena, Bwana wangu."

Akaanza tena. Akapotea tena. Na wallahi hakuwa akijifanya. Kichwa chake ndivyo kilivyoumbwa. Alipopotea mara ya nne, meno ya Sultani yaligongana hata ndevu zikacheza.

"Wa-washeni moto!"

Singano akasimama. "Haiwezekani, Bwana wangu. Amri yako yasema mtu yeyote katika nchi hii, mpaka hesabu itimie. Nayo haijatimia."

"Huu ni ujinga gani?"

"Wangu, Bwana wangu, wala sina mwingine. Wewe umeketi hapa asubuhi moja tu. Mwanangu mwenye siku tisa ameketi hivyo siku tatu, wala hana joho."

Sultani akainamisha uso kwa haya. Kisha akaanza kucheka, kicheko na mtetemeko vikachanganyika, na machozi yakamtoka. "Loo! Mimi mwenye hesabu nilisahau kuwahesabu watu! Amri imefutwa. Kila nyumba iwashe moto sasa hivi. Nawe Singano, nakutunza: u msimamizi wa ghala langu la kuni."

"Bwana wangu, nakusihi, utajuta."

Watu wakasema, tazama unyenyekevu ule! Singano akakimbia nyumbani na kaa la moto katika kigae, na jioni hiyo kichanga kikalia kwa nguvu, wazazi wake wakalia pamoja nacho kwa furaha.

Ama ghala la Sultani, Singano alilijaza kuni mbichi, akazipanga chini ya paa linalovuja. Kabla ya mwezi kuisha, jumba likawa moshi mtupu, kisha hata moshi ukakosekana. Asubuhi moja hodi ikapigwa nyumbani kwa Singano, ambako mwaka huo Mwanahawa ndiye aliyekadiria kuni. Alikuwa Sultani, macho mekundu, kajifunika joho hadi masikioni.

"Nimekuja kuota moto," akasema taratibu.

Mwanahawa akamwekea kigoda. "Karibu, Bwana wetu. Ila jisogeze kidogo, unamzibia mtoto moto."

Sultani akajisogeza.