Deni Liliisha Mwezi wa Maulidi

Sogeeni mbele. Ninyi wa mlangoni mmekaa kama watu wenye basi la kuwahi. Sogeeni, darsa la leo halichukui muda, na wewe uliyeegemea nguzo, hiyo simu iweke mfukoni, hao unaowaandikia hawataki kitu cha maana saa hizi. Haya. Akina mama nyuma ya pazia mnanisikia? Vizuri.

Alikuwako mchuuzi mmoja wa viatu vya mtumba, mtu wa minadani. Leo yuko Mkata, kesho Kabuku, keshokutwa Mombo. Jina lake silitaji, maana nawajua, mtatoka hapa muanze kumtafuta. Alikuwa na mke na binti mmoja wa miaka saba, huyo tumwite Shemsa. Alikuwa na gari pia, Noah kuukuu ya rangi ya maziwa, siti za nyuma aliziondoa apate pa kuweka magunia.

Siku moja huyu bwana akapata tamaa. Tamaa ya halali, msimlaumu. Akaenda kwa mzee mmoja mwenye duka la jumla hapo Korogwe, akakopa shilingi milioni sita, akaleta marobota ya viatu kutoka mjini. Marobota huwa yamefungwa, unanunua bila kuona. Alipoyafungua, jamani, akakuta mabuti ya barafuni! Mabuti yenye manyoya ndani, ya kufika magotini. Sasa nani Kabuku avae buti la manyoya? Alikaa na yale mabuti wiki tatu, watu wanayajaribu, wanacheka, wanayavua. Mwisho akayauza kwa bei ya bure kwa mtu wa kukatakata ngozi. Mabuti yakaenda, deni likabaki.

Yule mzee wa duka alikuwa muungwana. Alimwambia, "Nilipe kidogo kidogo. Ila usinikimbie. Ukinikimbia, hapo ndipo tutakosana."

Mchuuzi akarudi nyumbani, akamwita mkewe.

"Mama Shemsa, vyumba hivi viwili vinatumaliza. Kodi, umeme, maji, kila mwezi. Nenda kwa baba yako Lushoto, wewe na mtoto. Mimi nitalala kwenye gari mpaka deni liishe."

"Kwenye gari? Na hiyo miguu yako utainyoosha wapi?"

"Nitaitoa dirishani."

Mke akacheka, halafu akalia. Alijua anachoombwa. Mwanamke akirudi kwao na mabegi na mtoto, jirani haulizi kuna deni gani. Jirani anasema ameachwa. Akamwambia, "Nitakwenda. Lakini niahidi. Likiisha, siku hiyohiyo unatufuata."

"Siku hiyohiyo," akasema.

Akawapeleka mwenyewe Lushoto. Baba mkwe akawapokea, akamwambia mkwewe mlangoni, "Huyu nimempokea kama mgeni. Sijampokea kama aliyeachwa. Na mgeni ana siku zake." Maneno hayo yalimwingia. Akashuka mlima anajifuta macho.

Mtaniuliza, kwa nini hakuuza gari alipe deni? Angeuza gari, hivyo viatu angebeba kichwani kutoka Korogwe mpaka Mombo? Tuendelee.

Akaanza maisha ya kwenye Noah. Mwenye sheli moja ya mafuta hapo Korogwe alimruhusu kuegesha nyuma, kando ya ukuta. Akaweka godoro la inchi nne katikati ya magunia ya viatu. Vioo akavifunika kwa kanga za mkewe. Kuoga alioga bafuni hapo sheli, mia tano kila siku. Mvua za masika zilimkuta humo, maji yakipenya kwenye mpira wa mlango na kulowesha godoro. Mbu walimla. Vijana wa kujaza mafuta walimfanyia mzaha, "Mwenye nyumba, hodi! Leo mmepika nini?" Naye anawajibu, "Wali kuku, karibuni," na ndani hamna hata kipande cha muhogo. Ukikaa naye karibu ulisikia harufu ya ngozi za viatu, mwili mzima. Lakini kila Jumapili alikwenda kwa yule mzee na chochote alichopata. Hakukosa hata moja.

Hapo, ndugu zangu, mimi simcheki. Huyo ni mwanamume. Wangapi hapa tunadaiwa, na tukimwona anayetudai anakuja tunavuka barabara? Msiangaliane. Kila mtu ajiangalie.

Mwaka ukapita, na miezi. Mwezi wa Maulidi, mchuuzi akapeleka fungu la mwisho. Mzee akampa mkono, akamwambia, "Tumemalizana, kijana wangu. Umenifurahisha. Sasa nenda kamlete mkeo."

Akatoka dukani mwepesi, anataka kuruka. Alifika kwenye gari, akakaa, akashika usukani. Na hapohapo shetani akamjia, wala hakumjia na pombe wala na mwanamke. Alimjia na hesabu. Akamwambia, hebu fikiri, hizi hela ulizokuwa ukimpelekea mzee kila Jumapili, kuanzia sasa ni zako. Umeshazoea godoro. Umeshazoea mbu. Ukikaa humu miezi michache tu, unanunua kiwanja. Unamrudisha mkeo kwenye kiwanja chake, si kwenye vyumba vya kupanga. Si heshima hiyo?

Simu ikalia. Mkewe.

"Vipi, Baba Shemsa, umefikia wapi?"

Akasema, "Bado kidogo."

Mnaona? Hakusema uongo! Moyoni alimalizia mwenyewe, bado kidogo ninunue kiwanja. Mkewe akasikia, bado kidogo deni liishe. Neno lilelile, kila mtu na maana yake. Na mke akamwombea dua kwenye simu, Allah akufanyie wepesi, na huyu bwana akaitikia amina.

Ukaisha mwezi wa Maulidi. Ikaja miezi mingine, ikaja Rajabu, Shaabani. Kila akipigiwa, bado kidogo. Hela zikawa zinaongezeka, na kiwanja alichokitaka mwanzo akakiona kidogo, akataka cha barabarani. Godoro halikumuuma tena mgongo. Akawa anajisifu moyoni kwamba yeye ni mvumilivu. Alivumilia nini, nawauliza? Aliyekuwa akivumilia alikuwa Lushoto.

Ikaingia Ramadhani. Siku ya kumi na tano hivi, baada ya sala ya adhuhuri, mchuuzi amekaa kwenye mlango wa Noah anapiga viatu brashi, akamwona mkewe anakuja, amekonda, amevaa baibui ambalo alimnunulia yeye zamani. Akasimama kwa furaha, kwa sababu alimpenda. Hilo msilisahau, alimpenda sana.

Mke akamsalimia, akachungulia ndani, akaona godoro, akaona kanga zake kwenye vioo. Akashika mdomo. "Subhanallah, ndimo unamolala humu?" Kisha akatoa bahasha, akampa.

"Laki mbili na nusu. Nimeuza cherehani. Mpelekee mzee, tumalizie hilo deni. Nataka Idd hii tuwe kwetu, Baba Shemsa. Nimechoka kuwa mgeni."

Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa yeye na mtoto hela ya sabuni na ya daftari huko Lushoto. Mchuuzi alijua. Ulimi ukamkauka, na haikuwa kwa sababu ya saumu. Aseme nini? Akikataa hela itabidi aeleze. Akieleza itabidi aseme ni tangu lini.

Mkono wake ukaenda, ukapokea bahasha.

"Ahsante, Mama Shemsa," akasema.

Ninyi mngefanyaje? Tusijibu haraka. Yeye alijiambia, nitamrudishia mara mbili, nitamnunulia cherehani ya umeme. Wakaagana. Mke akaondoka kwenda stendi, apate gari la kupanda mlima kabla ya futari. Lakini alikuwa mtoto wa watu, mwenye adabu zake. Akaona haifai kupita mjini bila kwenda kumsalimu yule mzee aliyewastahimilia muda wote huo. Akakata kona, akaenda dukani.

Haikupita saa moja akawa amerudi. Mchuuzi bado amekaa palepale, bahasha ipo pajani.

"Nimetoka kwa mzee," akasema mke.

"Mzee gani?"

"Mzee wa duka. Nimekwenda kumshukuru. Nimemwambia leo utampelekea laki mbili na nusu, asituchoke. Akaniuliza, za nini, binti yangu? Mumeo alimalizana na mimi mwezi wa Maulidi."

Mchuuzi akatamani ardhi ipasuke.

"Sikiliza, Mama Shemsa. Nilikuwa natafuta kiwanja. Nilitaka niwashtukize. Kiwanja chenyewe ni chenu, wewe na mtoto. Kwani nimekula hizo hela? Nimelala na nani? Nimelala na viatu!"

"Mimi kiwanja nilikuomba lini?"

Mke akaendelea.

"Baba anaulizwa msikitini, mwanao bado hajafuatwa? Anajibu, mkwe wangu ana deni. Shemsa anaulizwa shuleni, baba yako yuko wapi? Anajibu, ana deni. Mimi nikitamani kitambaa cha Idd najikumbusha, tuna deni. Tuliingia humo watatu, Baba Shemsa. Wewe umetoka peke yako, ukafunga mlango, sisi ukatuacha ndani."

Hakupiga kelele. Vijana wa sheli hata hawakujua kama kuna jambo. Mchuuzi akamnyooshea bahasha, naye akaipokea.

"Nakwenda kuikomboa cherehani yangu kabla haijauzwa kwa mtu mwingine," akasema.

"Na mimi je?"

"Wewe una gari. Na Lushoto unaijua."

Akaenda zake stendi.

Sasa mnaniangalia, mnataka niwaambie kama alipanda Lushoto au hakupanda. Mimi sijui. Mfano ni wangu, nimeutunga mwenyewe jana nikipalilia, na nilipofika hapo jembe likanigandia mkononi, kwa sababu nilijiona.

Tunajibana, ndugu zangu, na kujibana si dhambi. Baba anasema mwaka huu hakuna nguo mpya, tunajenga. Kaka anawaambia wadogo zake msinipigie kuomba kitu, nasomesha. Mtu anakwenda Maskati, anamwambia mama yake miaka miwili tu, mama, nimalize msingi wa nyumba. Watu wetu wanatukubalia. Wanatuhurumia. Wanapunguza sukari kwenye chai yao kwa ajili ya jambo letu, wanatuombea dua kwa jambo hilo. Halafu jambo linaisha, na sisi hatusemi kwamba limeisha! Kwa nini? Kwa sababu tumeonja utamu wa kuwa mtu ambaye haombwi. Yule wa Maskati nyumba imepauliwa, ina vioo, na mama yake ameshazikwa. Alizikwa akiwaambia majirani, mwanangu msingi haujaisha.

Tunadhani tunadaiwa na mwenye duka peke yake. Mwenye duka tukimlipa anatupa mkono. Yule aliyekubali kukaa kama mgeni kwa ajili yetu, huyo tutampa nini? Na tutakapoulizwa, nasi tutaulizwa, je, tutasema bado kidogo?

Limeisha, sema limeisha. Siku hiyohiyo. Kama hela zimebaki na unataka kiwanja, rudi ukae na wenzio, waulize, wanaweza kukubali kulala njaa miezi mingine sita wakiwa wanacheka, kwa sababu safari hii wanajua wanalala njaa kwa ajili ya nini. Lakini usiwafungie ndani ya jambo ambamo wewe umeshatoka.

Basi tunanyanyuka sasa hivi, watu wa basi msihangaike. Mimi nimebakiza neno moja, na silielekezi kwenu, ninyi mtalisikia tu. Mwaka jana nilikopa hela za bati, nikasema nyumbani tujibane mpaka mkopo uishe. Tumekunywa uji wa chumvi. Wiki iliyopita mwenzangu aliniomba nauli ya kwenda kumwona dada yake Pangani, mgonjwa, nikamwambia subiri, mkopo.

Mama Swabra, najua umo humo nyuma ya pazia. Mkopo uliisha Rajabu. Nauli ninayo hapa, kwenye mfuko wa kanzu. Nisamehe mbele ya watu hawa, na kesho asubuhi nakupeleka Pangani mwenyewe.