Mgonjwa wa Mtihani

Ndugu zangu, kabla hamjaanza kutumiana maua ya asubuhi njema, someni kwanza hiki kisa. Nimekipata kwa mtu, nimekisoma, chai ikapoa mezani. Kama una ndugu nesi, tabibu au daktari, mpelekee leo hii. Na ninyi wengine msiseme hakiwahusu. Kinawahusu.

Palikuwa na hospitali moja ya wilaya, huko milimani kunakolimwa ndizi na viazi. Ng'ambo ya mto palikuwa na kambi ya zamani ya wagonjwa wa ukoma. Wagonjwa wenyewe walishatibiwa wakapona miaka mingi iliyopita, na wengi wao walishakufa. Lakini walikuwa wamezaa, na watoto wao wakazaa, na wote hao waliendelea kuitwa watu wa kambini. Ukitokea kule, hata uwe na ngozi safi namna gani, jina ni hilo hilo.

Pale hospitalini watu wa kambini walikuwa na benchi lao, nje, karibu na bomba la kufulia mashuka. Waliitwa mwisho, wengine wote wakishakwenda zao. Dawa walirushiwa. Wako manesi waliojifunga kitambaa puani wakiwaona tu wanavuka daraja. Jamani, binadamu!

Basi akaletwa daktari mmoja kuwafundisha watumishi wa pale. Aliitwa Dokta Mwasaga. Mtu wa makamo, mkali, hana mchezo kazini, lakini mwenye huruma ya kweli, hilo lazima tumpe haki yake. Siku aliyofika alilibeba lile benchi kwa mikono yake akaliingiza ndani, watumishi wakabaki kutazamana.

Akawafundisha mengi mazuri. "Mgonjwa msalimie kwanza. Mwite kwa jina lake. Kaa karibu naye. Mshike mkono, maana huenda hajashikwa na mtu siku nyingi."

Akawaeleza pia kwamba ukoma unaua mishipa ya fahamu, ndiyo maana mgonjwa anaweza kukanyaga kaa la moto asijue. "Kwa hiyo msimsubiri aseme anaumwa," alisema. "Mkagueni miguu wenyewe. Na mahali palipokufa hisia, kidonda mnaweza kukisafisha bila sindano ya ganzi, kwa sababu hasikii."

Hiyo ya mwisho watumishi waliipenda sana, maana sindano za ganzi pale zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mengine waliyaandika, hiyo waliishika.

Nisiseme uongo, mambo yalibadilika. Watu wa kambini walianza kusalimiwa, wakaitwa kwa majina yao, wakakaa ndani na wenzao. Kitambaa puani kikawa aibu. Sifa zikafika mpaka mkoani, na wakubwa wakasema watakuja kuutazama mtihani wa mwisho kwa macho yao. Wakiridhika, mafunzo yale yatapelekwa hospitali zote za mkoa.

Sasa sikilizeni habari za mama mmoja aliyeitwa Ndimbumi. Alizaliwa kambini akakulia hapo hapo, akilima vishamba vya kando ya mto. Wakati wa palizi jembe lilimkata juu kidogo ya kifundo cha mguu, na kile kidonda kikaoza. Akawa anakuja hospitali, anasafishwa mara moja, halafu haonekani. Anakuja tena hali ikiwa mbaya zaidi. Anasafishwa, anatoweka.

Watumishi wakamchoka. "Huyu mtoro," walisema. "Unamsaidia, hasaidiki."

Daktari wa upasuaji alipokitazama kidonda hakumficha. "Mama, hiyo nyama iliyooza isipotoka yote safari hii, na usiporudi kufungwa kila siku, mguu huu tutaukata."

Ndimbumi aliuliza jambo moja tu. "Mkiukata, mama yangu atalishwa na nani?"

Mama yake ndiye aliyeugua ukoma. Alipona, lakini vidole viliisha, na macho yalikuwa yameshafifia. Ndimbumi ndiye aliyemnawisha, akamlisha, akamshika mkono kumpeleka chooni. Watu wa nyumba ile walikuwa ni hao wawili, basi. Mguu ule ulikuwa unasimamisha watu wawili.

Dokta Mwasaga akaamua kwamba huyu ndiye atakayekuwa mgonjwa wa mtihani. Kama mafunzo yake yataweza kumtuliza mtoro wa kambini mpaka apone, nani atakuwa na neno tena? Akavuka daraja mwenyewe kwenda kumwomba.

"Mama, njoo kesho asubuhi. Atakusafisha mwanafunzi wangu bora kuliko wote."

"Nitakuja, dokta," Ndimbumi akasema. "Ila nikiondoka katikati usinikasirikie."

"Kwa nini uondoke?"

Ndimbumi akainamisha kichwa. "Basi tu."

"Usiwe na wasiwasi. Nitakuwepo, nitakushika mkono mwanzo mpaka mwisho."

Hapo, ndugu zangu, hapo hapo! Mwanamke mzima anakwambia "basi tu" huku ameinamisha kichwa, unaagaje ukaondoka? Alipaswa kuvuta kigoda akae, aulize tena. Lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa wageni wa mkoani.

Kesho yake wageni walifika na suti zao, wakapewa viti. Ndimbumi alilazwa kitandani, mguu umefunguliwa. Mwanafunzi bora alikuwa nesi mmoja kijana aliyeitwa Atuganile, binti mpole, mchapakazi, asiyejua kumnyanyapaa mtu.

"Shikamoo, mama Ndimbumi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje? Na bibi nyumbani ameamkaje?"

Wageni wakatazamana kwa furaha. Atuganile akanawa mikono, akakaa karibu, akamweleza mgonjwa kila atakachofanya. Dokta Mwasaga alisimama upande wa pili wa kitanda, ameshika mkono wa Ndimbumi kama alivyoahidi. Atuganile akavuta sinia la vifaa. Pamba ilikuwepo, dawa ya kuoshea ilikuwepo, mkasi na wembe vilikuwepo.

Mgeni mmoja akauliza, "Na sindano ya ganzi?"

Atuganile akajibu bila kusita. "Mgonjwa anatoka kambini. Hawana hisia. Hatuhitaji."

Mgeni akamgeukia daktari. Na Dokta Mwasaga, mwenye elimu yake na huruma yake, akatikisa kichwa kukubali.

Kazi ikaanza. Mkasi ukaingia kwenye nyama. Ndimbumi alikuwa ametulia, macho darini, hata kukunja uso hakukunja. Mgeni mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe kweli hawasikii." Daktari naye akafungua kinywa ili awaeleze wageni habari za mishipa ya fahamu.

Akakifunga. Vidole vya Ndimbumi vilikuwa vimemkaza mkono.

Kwanza alidhani mama wa watu anamshukuru. Lakini mkasi ukaingia tena, vidole vikakaza. Mkasi ukatoka, vikalegea. Ukaingia, vikakaza mpaka pete ya ndoa ikamzama daktari kwenye nyama, kidogo apige kelele yeye. Akautazama ule mkono. Vidole vyote vilikuwepo, vizima, vina sugu za jembe. Akatazama mguuni. Vidole vyote vilikuwepo. 

"Acha!" akasema.

Atuganile akashtuka. "Nimekosea wapi, dokta?"

 Daktari akachukua kipande cha pamba. "Mama, fumba macho. Nikikugusa, niambie."

Akaigusisha pamba kwenye kidole gumba cha mguu.

"Umenigusa," Ndimbumi akasema.

Akagusa kisigino, taratibu mno.

"Hapo pia."

Akagusa kando ya kidonda.  Ndimbumi aliuma meno, na chozi likashuka mpaka sikioni.

"Mama," daktari akauliza, "wewe umewahi kuugua ukoma?"

"Mimi? Sijawahi, dokta. Aliugua mama. Mimi nilizaliwa tu."



"Na siku zote ulizosafishwa hapa, uliwahi kuchomwa sindano ya ganzi?"

"Hapana."

"Kwa nini hukusema, mama? Kwa nini hukupiga kelele?"

"Nilisema, ile mara ya kwanza. Nililia sana. Nesi akaniambia, tena kwa upole, hakunitukana, akasema, 'Mama, usiogope, ninyi hamsikii maumivu, sisi tumefundishwa.' Nikanyamaza. Ninyi ni watu mliosoma. Nikawaza, labda hiki ninachokisikia siyo maumivu. Labda maumivu ya watu wenyewe ni makubwa kuliko haya."

Mkasi ukamponyoka Atuganile ukaanguka sakafuni. Alikuwa analia waziwazi, hajali wageni. "Dokta," akasema, "wewe ndiye ulitufundisha."

Hakusema kwa kulaumu. Daktari alitaka kujitetea kwamba yeye alisema mahali palipokufa hisia, hakusema watu waliokufa hisia. Lakini angejiteteaje? Yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale, mtaalamu wa mambo hayo, pamba ipo kwenye sinia, na asimpime. Naye alimwona mtu wa kambini, akaona inatosha.

Mkubwa wa wageni akakohoa. "Dokta, tusikate tamaa. Mafunzo ni mazuri. Huyu ni mgonjwa mmoja tu aliyesahaulika kupimwa kwa bahati mbaya."

Daktari akamgeukia Ndimbumi. "Mama, kule kwenu wako wengine ambao hawakuugua, waliozaliwa tu kama wewe?"

Ndimbumi akashangaa swali lenyewe. "Karibu sote, dokta. Waliougua wamebaki wazee wachache."

Mkubwa wa wageni akainama akaviangalia viatu vyake.

"Mtihani umekwisha," Dokta Mwasaga akasema. "Aliyeanguka ni mimi. Mkoani msiseme binti huyu amekosea, amefanya nilivyomfundisha." Kisha akapiga magoti pale kitandani, mtu mzima, mbele ya wakubwa zake. "Mama, tumekutesa. Nisamehe."

Ndimbumi hakuwa na nafasi ya kusikiliza habari za msamaha. "Dokta, mguu wangu utabaki?"

"Sijui, mama. Ila leo hutaumia. Hilo naweza kukuahidi."

Ikaletwa sindano kutoka chumba cha upasuaji. Atuganile akafuta machozi, akanawa upya, akaidunga dawa polepole kuzunguka kidonda. Wakasubiri. Daktari alikuwa bado ameushika ule mkono, na taratibu akausikia unalegea. Atuganile akaanza kazi, safari hii akiuliza kila baada ya muda, "Mama, unasikia?" na Ndimbumi akijibu, "Sisikii." Baadaye hakujibu tena, akawa ametazama dirishani tu. Nyama yote iliyooza ikatoka, kidonda kikaoshwa, bandeji nyeupe ikafungwa.

Ndimbumi akageuza kichwa. "Mbona hamwanzi?"

"Tumeshamaliza, mama," Atuganile akasema.

Ndimbumi akajiinua kwa viwiko, akautazama mguu wake na ile bandeji.  Halafu mwanamke yule, ambaye alikatwa nyama akiwa macho na asitoe sauti, akaangua kilio mpaka wagonjwa wa wodi ya jirani wakasimama mlangoni.

"Kumbe," akasema, "kumbe wenzetu ndivyo mnavyotibiwa?"

 

Kesho yake Ndimbumi alikuja kufungwa kidonda bila kufuatwa, na keshokutwa akaja, na hakukosa mpaka kilipofunga. Mguu haukukatwa. Dokta Mwasaga alikataa kutoa vyeti vya kuhitimu mafunzo yale. Alivuka daraja na wanafunzi wake wote, wakapita nyumba hadi nyumba na vipande vya pamba, na kila walipoingia walikaa chini kwanza wakamuuliza mwenye nyumba, "Tuambie, wewe unasikiaje?"

Funzo: Kujifunza habari za watu fulani hakukupi ruhusa ya kuacha kumuuliza mtu aliye mbele yako, maumivu yake anayajua yeye, kwa hiyo akisema mwamini, na akinyamaza muulize tena.