Turubai la Mzee Chembera

Isome hii mpaka mwisho, kisha mtumie jirani yako. Kama namba yake huna, basi imeletwa kwako wewe.

Mzee Chembera alijenga Mbagala wakati mikorosho ilipokuwa mingi kuliko mabati. Majirani walikuwa wanne tu, na kila jioni kahawa ya pamoja. Siku hizi nyumba zimebanana hadi ukipiga chafya, jirani anafuta uso. Wale wanne waliuza viwanja wakahama. Mzee akabaki ndani ya geti lake la bluu, mahitaji analetewa na bintiye, akiikumbuka ile kahawa mpaka kifua kinamuuma.

“Watu wa sasa hawasalimii!” alilalamika, geti kalifunga kwa makomeo mawili.

Asubuhi moja upweke ukamzidi. Akakodi turubai na viti vya plastiki, vikapangwa nje. Akabandika birika la kahawa, akakaa kungoja wa kunywa naye.

Sasa, turubai la ghafla asubuhi, nani Mbagala asiyejua maana yake? Kahawa haijachemka, kina mama hao, khanga viunoni, masufuria vichwani! Wanaume wakaketi kimya. Mzee moyo ukamruka: wamekuja!

Fundi cherehani mmoja, Sizya, akakaa kando yake, akamnong'oneza, “Pole, mzee wangu. Tunazika wapi?”

“Tunamzika nani?”

“Si huyu mzee wa geti la bluu! Umekujaje msibani hujui hata aliyekufa?”

Mama Twaha, kiongozi wa kina mama, akadakia, “Jamani, jina la marehemu nani? Msikitini wanataka kutangaza.”

Wakatazamana. Hakuna aliyejua.

“Miaka sita napita hapa,” akasema Sizya. “Kila siku nasema kesho nitapiga hodi. Nikaogopa kumsumbua.”

Mzee akasimama. “Naitwa Chembera. Sijafa. Nilitaka tu tunywe kahawa.”

Mama Twaha akashika kiuno: “Babu wee! Nimelia mpaka wanja umetoka! Na huu mchele kilo kumi nani ataula?”

“Tutaula wote, mama. Ila kwanza kila mtu anitajie jina lake.”

Wakaanza kutaja, mmoja mmoja. Na hapo ndipo wengi wao, walioishi ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo, waliposikia majina ya wenzao kwa mara ya kwanza.

Funzo: Usilalamike kwamba jirani hakusalimii, huenda naye yuko ndani kwake, anangoja wewe uanze.