Kinu cha Bi Buku na Pupa ya Ngiri

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mnaitika kama mliolala njaa. Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Pakawa shimo, shimoni vitu, vitu vikamfukuza mwenyewe. Sogeeni basi, nisipige kelele."

Hapo kale, bondeni, aliishi Bi Buku, panya mwenye mashavu mapana kama mifuko. Kazi yake ilikuwa kuwachimbia wanyama mashimo. Akachimba, kwaru-kwaru, akachimba, kwaru-kwaru, hata meno yakaisha, akastaafu. Wanyama wakampa kiinua mgongo: kikapu cha njugu. Njugu akaziponda akala, kikapu akakiweka. Kila kitu alikiweka, huyo! Chungu kisicho na kitako, mfuniko usio na sufuria, kandambili ya mguu wa kushoto, kofia ya marehemu mumewe.

Mwaka huo mawingu yakatanda mapema, na maji ya bondeni hayapigi hodi. Binti yake, Kidawa, akateremka kutoka mlimani alikoolewa.

"Mama, hama leo leo. Chumba changu kidogo, unaingia wewe na kitu kimoja."

Kitu chenyewe Bi Buku alikijua: kinu kidogo cha mti, urithi wa mama yake. Bila meno, bila kinu, angekula nini? Lakini hivi vingine je? Akainua kikapu, akakigeuza, akakirudisha. Akainua mfuniko, akaugeuza, akaurudisha. Akakaa, akasimama. Akatoka, akaingia. Moyo haukutulia hata kidogo. Na mbingu nazo: gururururu!

"Mama, mvua!"

"Naisikia, Kidawa! Usinikimbize!"

Mara, puu! puu! Ngiri huyo mlangoni, meno nje.

"Bi mkubwa, nasikia unahama. Anayehama bondeni, vitu vyake vizuri ni vyangu. Nani wa kunizuia?"

Hakuna. Bi Buku akakitupia jicho kinu. Jamani, kinu changu! Akawaza haraka: huyu hajui kizuri ni kipi, anajua kinacholiliwa tu. Akakibwaga kinu kizingitini, ti!

"Takataka we! Kila siku najikwaa!"

Kisha akakumbatia chungu kisicho na kitako, akaangua kilio.

"Usikiguse, mwanangu! Niue kwanza!"

"Lete!"

Ngiri akakibeba, puu! puu! hadi shimoni kwake nyuma ya kichaka, akakisukumia ndani kwa pua. Akarudi. Bi Buku amekumbatia mfuniko.

"Usiuguse, mwanangu! Niue kwanza!"

"Lete!"

Ukaenda. Kikapu, lete! Kandambili, lete! Ngiri jasho linamtoka, puu! puu! anakwenda na kurudi.

Ikafika zamu ya kofia. Hapo Bi Buku alilia kweli, hakuigiza, maana alimwona mzee wake akiivaa upande siku za sherehe.

"Usiiguse, mwanangu."

"Lete!"

Akajifuta macho, akatazama huku na huku. Shimo jeupe peee! Kumbe lilikuwa kubwa hivi? Kifua kikawa chepesi, akashangaa.

"Na hicho?" Ngiri akaonyesha kinu.

"Hicho nisaidie, baba, kakitupe."

"Mimi jalala lako?"

Akakipiga teke. Bingiri-bingiri, kikasimama miguuni pa Kidawa. Ngiri akaondoka na kofia yake. Mama na binti wakabeba kinu, wakaukwea mlima, na nyuma yao mvua ikamwagika, mwaaa!

Sasa, ukoo wa ngiri una desturi. Huingia nyumbani kinyumenyume, ili meno yabaki yakitazama mlango. Jioni hiyo hiyo Chui akatoka kuwinda. Ngiri akamwona, mbio hadi kwake, akageuka, akarudi nyuma, kwaa! Chungu kisicho na kitako kikapata kitako chake. Akasukuma, kwaa! Kichwa kiko nje, mvua inampiga usoni.

"Bwana Ngiri," Chui akasema, "mbona uko mlangoni? Ulikuwa unanisubiri?"

Ngiri huyoo! Akachomoka, chungu kiunoni, kofia imenasa kwenye jino, mbio hadi mlimani. Kwa Kidawa akasikia mtu anatwanga njugu, tu! tu! tu!

"Bi mkubwa, fungua! Chukua vitu vyako vyote, nifiche!"

Bi Buku akachungulia. Akanyoosha mkono, akaichomoa kofia, akaivaa upande.

"Ningekukaribisha, mwanangu. Lakini hapa naingia mimi na kitu kimoja tu."

Ngiri akaendelea na mbio zake. Mpaka leo akikimbia huinua mkia juu, anahakikisha kile chungu kimetoka.

Fundisho? Wanangu, msitupe kitu! Wekeni vifuniko, wekeni vyungu. Siku mkistaafu atatokea mwenye nguvu, avibebe bure.

Hadithi yangu imehama kwangu, sasa iko kwenu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Ngiri, yeye hakatai kitu.