Kwa Nini Chungu Chetu Huanza na Mtoto

Mmeniuliza kwa nini kwetu mtoto hupakuliwa kwanza, baba akangoja nje. Nitawaambia, ila asitarajie mtu kucheka.

Hapo kale, milima hii ikiwa bado na misitu mpaka kileleni, chakula kilifuata umri. Chungu kikiepuliwa kilipelekwa barazani kwa wazee, kisha kwa vijana, ndipo kikarudi jikoni kwa wanawake. Mtoto alikwangua ukoko. Miaka ya neema hakuna aliyeona ubaya, maana hata ukoko ulishibisha.

Kisha mvua ikakatika. Mghoi, mke wa Mwakio, alikuwa na binti aitwaye Wawuda, aliyeachishwa ziwa mapema kwa kuwa mamaye alishika mimba nyingine. Nywele za mtoto zikawa nyekundu, zikanyonyoka. Miguu na mashavu yakavimba. Wazee wetu, na akili zao zote, wakamtazama wakasema, "Huyu mbona amenona? Mama yake anamlisha kwa siri." Uvimbe wa njaa wakauita unono! Mghoi alilia mpaka sauti ikamkauka.

Kaka yake, Mwandoe, akapata habari huko tambarare, akapanda mlima na mzigo wa kunde kichwani. "Dada, hizi ni za mpwa wangu. Mpikie leo hii hii." Akageuka kurudi, kwani kwake nako walimngoja wenye njaa.

Mghoi akapika. Harufu ikafika barazani kabla ya chungu, na Mwakio akaingia jikoni.

"Mama Wawuda, wazee wanangoja."

"Za mtoto hizi, baba Wawuda."

"Najua. Wataonja tu. Unataka nionekane sina adabu?" Akakibeba chungu.

Na kweli walionja tu. Hilo ndilo linaloniuma, afadhali wangekuwa walafi. Kila mmoja alichota kidogo, akasema, "Zilizobaki ni za mtoto," akampitishia mwenzake. Chungu kilirudi na mchuzi wa kulowesha kidole. Siku chache baadaye Wawuda akafa.

Matanga yalipokwisha, Mghoi alipika mtama wake wa mwisho. Akajaza kibakuli cha Wawuda kwanza, akakiweka kizingitini, akaketi kando na mwiko mkononi. Wazee wakaita.

"Ngojeni," akawajibu. "Mwanangu anakula. Akishiba nitawaletea."

Wakangoja. Jua likazama, chakula kikapoa, na hakuna aliyethubutu kukivuka kile kibakuli. Mwakio aliinamisha kichwa. Wote wakalala njaa.

Na tangu siku hiyo, katika milima yetu, chungu huanza na mtoto, na wanaume hukaa nje mpaka waambiwe ameshiba. Wageni hutusifu kwamba tunapenda watoto. Mimi huwaacha waseme. Hata Mwakio alimpenda Wawuda.