Jinsi Nyota ya Chumvi Ilivyopata Jina

Hapo kale, mbingu zilikuwa zimegawanywa kama mashamba. Aliyetangulia kuona nyota ngeni aliipa jina lake mwenyewe, na jina hilo likadumu hata baada ya kaburi lake kuota nyasi.

Katika nyanda za Ilomba aliishi mfinyanzi aitwaye Nyamizi. Hakujaliwa mtoto, na jambo hilo lilimkaa rohoni: nani angemtaja akishafumba macho? Jioni moja, mwishoni mwa masika, alikuwa akifunika vyungu vyake alipoona upande wa kusini nyota nyekundu ambayo hajapata kuiona. Akawaita majirani, nao wakakiri kuwa ni ngeni. Ikaitwa Nyamizi, na usiku ule akalala akitabasamu.

Kiangazi kilipoingia, mdogo wake Kabula aliondoka na wanawake watano kwenda kuchukua chumvi kwenye chemchemi za kusini. Wangetembea usiku kwa sababu ya jua, na njia hawakuijua vizuri.

"Nifuate mimi," Nyamizi alimwambia, akiinyooshea nyota kidole. "Sitakupoteza."

Usiku wa tatu mawingu yalitanda. Yalipotawanyika, Kabula hakuwa na hakika tena. Wakapita kijiji cha mzee Mashimba, wakauliza Nyamizi ni ipi. Wenyeji wakawaonyesha bila hila yoyote, kwani nao walikuwa na Nyamizi wao, nyota ya bibi mmoja aliyekufa zamani. Ile nyekundu wao waliiita Mashimba.

Nyota ya bibi yule iliwapeleka magharibi, kwenye nchi isiyo na maji. Walirudi watano. Wande, mkubwa wao, walimzika njiani.

Kabula hakulaumu. Alikunywa maji, akasema tu, "Tulikuulizia, dada. Tukaonyeshwa mwingine."

Siku mbili Nyamizi hakutia kitu kinywani. Siku ya tatu akafunga safari hadi kwa Mashimba, akamkuta akisokota kamba, akamweleza yote.

"Sasa unataka jina langu lifutwe, libaki lako?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba. Tuyafute yote mawili."

Mzee akaendelea kusokota. "Si jambo dogo unaloniomba."

"Wewe una wajukuu wa kukutaja. Mimi sina, nami naliacha."

Kamba ikasimama mikononi mwa mzee. Nyamizi akamuuliza watu wake hufanya nini nyota ile inapochomoza.

"Huenda kuchukua chumvi."

"Na sisi vivyo hivyo."

Basi wakaiita Nyota ya Chumvi, na habari ikatembezwa kijiji kwa kijiji.

Na tangu siku hiyo, katika nchi ile, aonaye nyota ngeni hatangulizi jina lake. Huwauliza kwanza majirani, wa karibu na wa mbali, wana kazi gani inapochomoza, na jibu lao ndilo huwa jina. Wanawake wakiiona ile nyekundu hufunga mizigo. Ukiwauliza nani aliiona kwanza, watakuambia hawajui, kisha watakuonyesha njia.