Sufuria Moja ya Halua

Kula pamoja si kupika pamoja. Mmelisikia neno hilo kwa shangazi yenu, mkadhani anamsema mtu vibaya. Yeye hamsemi mtu. Chanzo chake ni hiki.

Hapa Wete walikuwepo marafiki wawili, Kombo na Mbarouk. Walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, na kila magharibi walikula sinia moja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mbarouk alikuwa mcheshi. Hata mgonjwa angecheka akimsikiliza. Kombo alikuwa seremala wa kujitegemea, mtu wa maneno machache.

Mbarouk akafungua duka la halua. Wateja wakawa wengi kuliko alivyotazamia, akamwambia Kombo, "Njoo ufanye kazi kwangu. Nimwajiri nani kama si wewe?"

Wakati huo useremala ulikuwa umelala. Watu walinunua vitanda vya chuma, na Kombo alikuwa na watoto wa kulisha. Alitaka kukubali palepale. Lakini alipomweleza mkewe, Bi Raya, yule mama akamuuliza:

"Umewahi kumwona Mbarouk akikasirika?"

Kombo akafikiri. "Sijawahi."

"Na yeye amewahi kukuona wewe ukiamrishwa?"

Swali lile likamwingia Kombo. Akaanza kumtazama rafikiye wakila, kama mtu anayeitazama nyumba aliyoipita nje maisha yake yote, akijiuliza ndani kukoje. Mwishowe akamwambia, "Kabla sijakujibu, nije nikusaidie kupika sufuria moja." Mbarouk akacheka, akakubali.

Asubuhi ya kupika, moto ulipowashwa, Mbarouk hakucheka tena. Halua haimsubiri mtu. Wanga na sukari vikianza kushikana, mwiko hausimami, samli hutiwa kidogo kidogo, na moto huchungwa kama mtoto mchanga. Maneno ya Mbarouk yakawa mafupi. "Koroga. Upesi. Usiguse hicho." Kombo akiuliza sababu, hajibiwi. Akaendelea kukoroga, lakini moyoni alikuwa anachemka kuliko ile sufuria. Mbarouk alipotoka kwenda kuchukua iliki, Kombo aliona moto umezidi. Akavuta kuni, akaziweka kando.

Halua ikagoma. Walikoroga hadi mabega yakawauma, ikabaki laini kama uji.

"Nani ametoa kuni?" akauliza Mbarouk.

"Mimi. Niliona moto ni mkali."

"Uliona. Mbona hukuniuliza?"

"Mangapi nimekuuliza ukanijibu?"

"Jikoni humu hakuna nafasi ya kujibu."

"Basi hakuna nafasi yangu."

Hawakuwahi kusemeshana hivyo tangu utoto. Mbarouk akaketi juu ya gunia la sukari, akajifuta jasho. "Hivi ndivyo nilivyo kazini, Kombo. Hata mke wangu haingii humu."

"Nami sikujua kwamba siwezi kuambiwa kitu," akasema Kombo. "Nilikuja kukuchunguza wewe, kumbe wa kuchunguzwa nilikuwa mimi."

Akaikataa kazi ile, na kuikataa hakukuwa rahisi. Kwa muda mrefu nyumbani kwake walikula muhogo wa chumvi mara nyingi kuliko wali, mpaka alipopata kazi ya kutengeneza milango ya skuli mpya. Mbarouk akamwajiri mtu wa Mtambwe, ambaye ukimkaripia anaendelea kukoroga kana kwamba umemsalimu. Lakini sinia la magharibi halikukatika hata wakati wa muhogo.

Watu hawakuelewa. Sokoni mmoja akamchokoza Mbarouk: "Hata sahibu yako amekukimbia. Lazima kuna analolijua."

"Analijua, nami nalijua," Mbarouk akajibu taratibu. "Kula pamoja si kupika pamoja. Angebaki jikoni mwangu, leo nisingekuwa na wa kula naye."

Aliyemchokoza akaenda kulisimulia, na neno likaenea mitaani. Ndiyo maana kijana wa hapa akiitwa na rafiki kwenye biashara yake mpya, hatumwambii nenda wala usiende. Tunamwambia akapike naye sufuria moja kwanza, amwone mwenzake na ajione mwenyewe, maana kula pamoja si kupika pamoja.